Kizuio Kimoja kwa Kreti Nzima

Jumamosi, tarehe 11 Aprili 2071. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, mvua ya Aprili isiyo na radi wala haraka, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, hivyo Mlima Kyosyo haukuonekana. Watu wa bonde la Lufumbi hawakujali. Walizoea kusema kwamba siku mlima usipoonekana kwa macho, kituo kinauona.

Subilaga Mwakilasa alinawa matope ya miguu kwenye bomba la nje, akaingia kituoni na kusimama mbele ya kreti. Alifumba macho. Sala yake ya kazini ilikuwa fupi, kwa kuwa ile ndefu alikuwa ameshaisali nyumbani. "Bwana, nisaidie nisome kilichopo, siyo ninachokitaka." Kisha akawasha kompyuta.

Kreti ilikuwa sanduku la chuma lililo wazi mbele, lenye nafasi nyembamba zilizopangana kama vitabu kwenye rafu, na karibu kila nafasi ilichomekwa kadi ya kielektroniki. Kadi za kushoto zilihesabu muoni, zile chembe ndogo zinazoshuka kutoka angani na kupenya mwamba. Mlima ukiwa mzito, chembe chache hufika upande wa pili. Ukiwa na uwazi ndani, zinafika nyingi. Kadi ya katikati ilikuwa sikio la ardhi, na ilipokea mitetemo kutoka kwenye vyuma vilivyozikwa bondeni kote. Mwisho kabisa, kulia, kilikaa kidhibiti, na kutoka hapo ulitoka waya mmoja wa USB kwenda kwenye kompyuta. Antena haikuwepo.

Vilikuwa vifaa vya karne iliyopita, na sheria ilitaka viwe hivyo. Zamani kila wilaya ilikuwa na mashine yake kubwa yenye akili, na kila mkubwa alijifunza kuibembeleza mashine yake iseme anachotaka kusikia. Mlima mmoja ulipasuka watu wakiwa vitandani, mashine tatu zikiwa zimesema hali ni shwari. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Kinywa Kimoja: mlima utasemewa na mashine isiyo na akili, isiyofikiwa kupitia hewani, inayojua kuhesabu tu. Kreti ikisema hatari, malori yasiyo na dereva yanawaka yenyewe na kupita mlango kwa mlango. Binadamu haongezi neno wala hapunguzi. Na bonde likishahamishwa kwa amri ya kreti linakuwa hifadhi milele, kwa sababu Bunge lilichoka kuzika watu waliorudi kuchungulia mashamba yao.

Malori ya Lufumbi yalikaa kwenye uwanja wa mpira, safi, yakijiosha kila wiki. Kuku walikuwa wanataga chini yake.

Kidhibiti cha zamani kilikufa mwezi wa pili kwa radi. Kipya kilipofika kiliendelea kuhesabu kwa programu ya kiwandani, na Subilaga alitumia karibu Kwaresima nzima kukiandikia programu upya. Alikuwa amejifunza kazi hii ukubwani, katika masomo ya jioni, baada ya miaka mingi kwenye kiwanda cha chai, na bado alipenda kuandika polepole na kusoma kila mstari kwa sauti. Kosa la wanaoanza ni kuagiza amri moja moja kupitia USB. Ni kama kwenda dukani safari moja kwa kila kitunguu: njia inakula muda kuliko mzigo. Dawa yake ni kuandika orodha nzima ya amri na kuiweka ndani ya kidhibiti chenyewe. Nafasi ya tatu, anwani sifuri, kazi ya pili: soma kisha futa. Nafasi ya nne, vivyo hivyo. Kadi ikiitika, chukua. Isipoitika, weka alama. Kidhibiti kinaipitia orodha chenyewe kila kadi inaponyoosha mkono kuomba isomwe, kinajaza mfuko wake wa kumbukumbu, na mfuko ukijaa kinautuma wote kwa mkupuo.

Mwishoni mwa orodha aliongeza amri moja ambayo hakuna aliyemwagiza. Kidhibiti kipya kilikuwa na vihesabu vya akiba ndani yake, akakitumia kimoja kuhesabu muda ambao kizuio, ile swichi ya kulinyamazisha sikio la ardhi, kimewashwa. Aliona tu ni vizuri kujua.

Sasa alisoma namba ya wiki ile. Akaisoma tena kwa sauti. Akavuta kiti, akakaa.

Kizuio kiliwekwa kwa ajili ya kuimba. Miaka michache nyuma, kanisa la Ng'ambo ya mto lilipiga tarumbeta alfajiri ya Pasaka kama kawaida, makaburini, bendi nne pamoja, ngoma kubwa na watu mia kadhaa wakitia mguu chini kwa mpigo mmoja. Sikio la ardhi lilisikia tetemeko. Malori yakawaka. Watu wa Ng'ambo walipandishwa wakiwa na nguo nyeupe za Pasaka, na mpaka leo wanaishi kwenye maghorofa ya tambarare, maparachichi yao yakiliwa na nyani. Wazee wa Lufumbi wakaenda kituoni kuomba: kwetu tunaimba pia, tufanyieni utaratibu. Mkuu wa wakati huo akafunga kipaza sauti kanisani. Kipaza kikisikia bendi au kwaya, kizuio kinawaka kwenye kreti, na sikio la ardhi linanyamaza mpaka wimbo uishe. Mamlaka ya Milima iliridhia, watu wakashukuru kwa mbuzi, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Daktari Chediel Mrutu, mkuu wa sasa, aliingia na chupa ya chai na makoti mawili ya mvua. Alikuwa Mpare mrefu, mdogo kwa Subilaga kwa miaka kumi na zaidi, na hakuwahi kusahau kumwamkia.

"Shikamoo, mama. Kyosyo amelala?"

"Marahaba. Daktari, kreti inafungwa kwa muda gani kwa siku?"

"Wanapoimba tu. Jumapili labda masaa mawili."

"Jana ilifungwa tangu mchana mpaka walipochoka."

"Jana Ijumaa. Kwaya gani inaimba Ijumaa mchana kutwa?"

"Zote. Pasaka inakuja. Kwaya ya vijana imechukua zamu ya mchana, akina mama jioni, kisha bendi. Wapanga zamu wa kanisani wanagombana wenyewe kwa wenyewe."

Chediel alicheka, akamimina chai. "Basi sikio la ardhi limepumzika."

"Siyo sikio peke yake." Subilaga alimwonyesha kwa kidole nyuma ya kreti, kwenye ubao ulioshika kadi zote. "Waya wa kizuio unapita nafasi zote. Ukiwaka, kila kadi inaacha kuhesabu. Tulitaka kumnyamazisha mmoja, tumenyamazisha nyumba nzima. Na kidhibiti cha zamani hakikuwa na namna ya kutuambia."

Chediel aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa kuelewa haraka, na uso wake ulionyesha alikuwa ameshafika mwisho wa hesabu kabla hajakaa. Katika taarifa zake zote za mwaka ule aliandika kwamba mstari wa muoni umenyooka. Aliusifia mstari ule. Lakini tangu Januari kuimba kulikuwa kunaongezeka wiki hadi wiki, kreti ikifungwa muda mrefu zaidi, na bado hesabu ya siku haikupungua. Kama muda wa kuhesabu unapungua na hesabu haipungui, basi chembe zinakuja kwa wingi zaidi.

"Gawanya kwa muda uliokuwa wazi," alisema.

"Wiki hii nimegawanya. Muda wake nimeupima. Huko nyuma hatukupima."

"Kisia. Tumia ratiba za kwaya."

Walifanya hivyo pamoja, wakibishana juu ya lini vijana walianza zamu ya mchana. Mstari uliotoka haukunyooka. Ulipanda, kwanza taratibu, kisha kwa ukali. Ndani ya Kyosyo kulikuwa na kitu chepesi kinachokua, huenda gesi. Au kulikuwa na makisio mabaya ya watu wawili wenye hofu. Kwa makisio ya Chediel mstari ulivuka kiwango cha hatari. Kwa makisio ya Subilaga uliishia chini yake kidogo.

"Nikiingiza sahihisho hili kwenye orodha," Subilaga alisema, "kreti itasema leo hii?"

"Kwa namba zangu, ndiyo. Kwa zako, hapana." Alijifuta uso. "Na tukikosea, Lufumbi imekwisha kama Ng'ambo."

Subilaga hakusema kwamba nyumba yake iko chini kabisa, kando ya mto, na kwamba kaburi la mumewe liko nyuma ya jiko. Chediel alijua.

"Tufanye hivi," Chediel aliendelea. "Ondoa kizuio cha kreti, weka cha kadi moja. Muoni zihesabiwe mchana na usiku. Baada ya Pasaka tutakuwa na hesabu ya kweli, isiyohitaji kukisia. Ndipo uingize."

"Na wakati wanaimba, sikio la ardhi liwe limezibwa? Wiki hii, ya wiki zote? Gesi ikianza kusukuma, sikio ndilo litakalojua kwanza."

"Basi usilizibe."

"Waimbe, malori yawake kama Ng'ambo."

Chediel akasema polepole, "Kwa hiyo lazima wasiimbe."

"Wiki Takatifu, Daktari. Na alfajiri ya Pasaka."

"Waombe wanyamaze. Usiwaambie kwa nini." Aliinama mbele. "Mama, nisikilize. Kusema hatari kabla ya kreti ni jela, na si bila sababu. Unajua watu wangapi walikanyagwa barabarani kwa uvumi, kabla ya sheria hii? Mtu mmoja akisema mlima, daraja la Lufumbi litajaa kwa nusu saa."

"Najua. Dada yangu alikuwa kwenye daraja mojawapo."

Subilaga alibadilisha amri za kizuio siku ile ile. Aliiacha kreti ikiwa tayari kuhesabu kila kitu, bila kizuio, kuanzia ibada ya kesho itakapokwisha, akaenda kanisani kuwaomba waimbaji wanyamaze.

Bendi ilikuwa inafanya mazoezi kwenye baraza, mvua ikigonga mabati kwa juu. Kiongozi wake, Ambakisye, fundi pikipiki mwenye kifua kama pipa, alimwona na kushusha tarumbeta lake kubwa.

"Dada Subi. Umekuja kujiunga? Tuna nafasi ya matoazi. Hayahitaji pumzi, yanahitaji hasira."

"Hasira ninazo. Ambakisye, naomba bendi ipumzike wiki hii. Na kwaya. Mpaka Jumatatu ya Pasaka."

Wapigaji walitazamana. Mmoja akaanza kucheka, akaacha.

"Mpaka Jumatatu ya Pasaka," Ambakisye alirudia. "Yaani Bwana afufuke, sisi tupo tu, tunamwangalia."

"Ni mambo ya vipimo kituoni."

"Kizuio si kipo? Wazee wetu walikwenda kukiomba kwa miguu, wakatoa mbuzi. Leo mnataka mbuzi mwingine?"

"Sitaki mbuzi."

"Basi niambie sababu. Sababu ikiwa nzito kuliko Pasaka, nitalifunga tarumbeta hili kwenye gunia mwenyewe. Ikiwa ni vipimo," alipuliza mate kutoka kwenye mdomo wa chombo, "vipimo vitatusubiri. Pasaka haisubiri."

Subilaga alisimama pale mvua ikimrukia visigino. Aliona kwamba Ambakisye amesema haki. Huwezi kumwomba mtu kitu kikubwa kuliko vyote alivyo navyo na kumnyima sababu. Hiyo si kuomba, ni kumpora taratibu. Lakini mtu akishajua sababu, huwezi tena kumshikilia asikimbie. Aliondoka, na bendi ikaanza tena nyuma yake, kwa nguvu zaidi.

Usiku alisali kwa muda mrefu, bila kuomba ishara. Aliomba tu ajue ni uongo upi ulio mdogo, na kila alipoupima mmoja, ulizidi kuwa mkubwa. Akiingiza makisio, atakuwa amewahamisha watu kwa namba aliyoikisia. Akinyamaza, atakuwa ameamua peke yake kwamba watalala kando ya mto wiki nzima bila kuulizwa. Hilo la pili lilimchoma zaidi. Kreti haina akili, haiwezi kumuuliza mtu. Yeye alikuwa na mdomo.

Jumapili ya Mitende kanisa lilijaa mpaka barazani, watu wakiwa na makuti mikononi. Kabla ya ibada Subilaga alizungumza na Mchungaji Anyitike ofisini, mlango umefungwa. Mchungaji alisikiliza, akauliza swali moja tu, iwapo Subilaga alilala usiku ule, akajibiwa hapana. Wakati wa matangazo alimwita mbele, na akawaagiza wahudumu wafunge milango na kuilinda.

Subilaga aliwaeleza kwa maneno ya nyumbani. Kwamba kizuio walichokiomba kilikuwa kinafumba macho kreti nzima. Kwamba mlima huenda una uwazi unaokua, au huenda hauna. Kwamba yeye na Daktari wamekisia na makisio yao hayakukubaliana. Kwamba kwa kuwaambia hivi anavunja sheria, na kila mmoja wao ana haki ya kumshitaki.

Kisha upande wa watu wa mtoni benchi ziligongana. Wanaume kumi hivi walikuwa wamesimama, na mama mmoja alikuwa tayari anafunga mtoto mgongoni.

"Mnakwenda wapi?" Ilikuwa sauti ya Ambakisye, na sauti ile haikuhitaji tarumbeta. "Mwasomola, unakimbilia darajani? Daraja lile juzi pikipiki tatu tu zimelishinda. Kaa. Kama ni kufa kwa kukanyagwa, sitaki iwe kwa kiatu chako, nakijua kilivyo."

Mtu alicheka, kicheko cha hofu, na Mwasomola akakaa nusu.

"Dada Subi," Ambakisye aliendelea, "jana nilikuuliza, ukaondoka kama mbwa aliyemwagiwa maji. Leo umesema. Sasa nijibu. Tukinyamaza wiki nzima, utajua?"

"Nitajua."

"Na sikio la ardhi litakuwa wazi usiku na mchana?"

"Wazi kabisa. Mlima ukianza kusukuma wakati wowote, malori yatawaka, na itakuwa kweli."

Mama Syejile, mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, alisimama bila kuombwa. Alikuwa mwanamke mfupi aliyeogopwa na wachungaji watatu mfululizo. "Sheria inasema bonde likihamishwa kwa amri. Inakataza watu kutembeleana Pasaka?"

"Haikatazi," alisema Mchungaji.

"Mimi nina vyumba viwili juu kwenye kilima, na mabinti wamekwisha kuolewa. Watu wa mtoni waje wanitembelee. Polepole, nyumba moja moja, na kapu la ndizi mkononi kama wageni. Wenye nyumba kilimani wanyooshe mkono." Alitazama huku na huku. "Nyoosheni, nawaona. Mwakajumba, wewe una ghala."

Mikono ilinyooshwa, mmoja mmoja, mpaka ya kilimani ikawa mingi kuliko watu wa mtoni. Mzee mmoja aliuliza kama mazishi nayo yatakuwa bila wimbo. Mchungaji akasema ndiyo, hata mazishi. Zaburi zitasomwa kwa kunong'ona. Bibi mmoja alilia kwa hilo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Subilaga alimwona Chediel. Koti lake lilikuwa linachuruzika. Hakujua alikuwa ameingia saa ngapi. Alikuwa amesimama kati ya wahudumu wawili, amevua kofia, na hakuonekana mtu aliyekuja kumshitaki mwenzake.

Ambakisye hakukaa. Alishuka kutoka jukwaa la bendi, akapita katikati ya benchi mpaka mbele, akasimama hatua chache kutoka kwa Subilaga. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, lakini kanisa lote lilimsikia.

"Bado kitu kimoja. Hesabu itakuja, na itakuja mkononi mwako. Nyumba yako iko mtoni. Shemeji yangu Mwakilasa amelala nyuma ya jiko lako, na mimi ndiye niliyempigia wimbo wa mwisho. Ukiona namba mbaya siku hiyo, wewe peke yako na waya wako, na bonde zima linakwenda kwa kidole chako kimoja. Moyo utakuambia, ngoja siku mbili. Utakuambia, labda nimekosea tena. Nakujua una huruma. Ndiyo inanitisha."

Subilaga alitaka kusema kwamba hajui. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli jana, na hata asubuhi ile. Aliwatazama: makuti, watoto, Mama Syejile akihesabu wageni wake kwa vidole, Mwasomola aliyekaa nusu, Daktari mlangoni. Walikuwa wamempa wimbo wao wa Pasaka, na alikuwa hajawapa kitu.

"Mchungaji," alisema, "naomba watu wasimame, wawe mashahidi."

Kanisa lilisimama. Subilaga aliinua mkono wa kulia.

"Mimi Subilaga, mjane wa Mwakilasa, naahidi mbele za Mungu na mbele yenu ninyi nyote. Jumatatu ya Pasaka asubuhi nitaingiza hesabu kwenye kreti kama itakavyokuwa, itupendelee au itukatae. Sitaongeza namba wala sitapunguza. Daktari atakuwepo, na Ambakisye atakuwepo, na mlango wa kituo utakuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuona. Na mkinisikia naomba siku moja zaidi, msinipe."